VFR800 ya zamani: exosti isubiri, kwanza ipime chaji

Swali: Nipo Tanga. Nimenunua Honda VFR800 ya mwaka 2000 iliyotumika, mita inasoma kilomita 60,000 na kitu. Injini inavuta vizuri, lakini betri mpya imekufa ndani ya miezi michache, na fundi wangu anasema ilikuwa feki. Nina kilo 90. Nikimpakia mke wangu na mizigo, nyuma inagonga kila tuta. Nina spana za kutosha na baraza yenye kivuli. Akiba niliyo nayo nilitaka ninunue exosti ya kimbio na taa mbili kubwa za ziada. Nianze na lipi, na kazi zipi naweza kuzifanya mwenyewe nyumbani?

Jibu: Ndugu yangu wa Tanga, hiyo akiba ya exosti usiiguse kwanza. Pikipiki yenye umri huo, kabla ya kuongezewa chochote, irudishiwe ilivyonyang'anywa na joto, chumvi ya bahari na mikono ya waliokutangulia. VFR iliyorudi katika hali yake ya kiwandani, ikawa na springi zinazolingana na uzito wako, utadhani umenunua pikipiki nyingine. Mimi ningezipanga fedha zako hivi: umeme, breki, tairi na cheni, kisha shokapu. Taa nazo zitapata nafasi, ila kwa masharti nitakayoyataja.

Injini ndiyo inayonipa wasiwasi mdogo kuliko sehemu zote. Toleo lako, lililotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2001, ni V4 (silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V) ya sentimita za ujazo 781 ambayo kamshafti zake, yaani shafti zinazofungua valvu, zinazungushwa kwa gia, siyo kwa cheni ya ndani. Ndiyo maana ina ule mlio wa kama mluzi unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini. Huo ni mlio wake wa kuzaliwa. Fundi aliyezoea Boxer na TVS akiusikia anaweza kukuambia injini ifunguliwe. Mshukuru, umnunulie soda, lakini injini usimfungulie.

Sasa betri. Feki zipo, sikatai. Lakini kwa pikipiki hii mtuhumiwa wa kwanza ni regulata, kile kiboksi cha chuma chenye mapezi kilichofungwa nyuma chini ya kava. Kazi yake ni kugeuza umeme wa koili ya magneto uwe wa kuchaji betri, na kuuzuia usizidi kipimo. Regulata ya asili hufanya hivyo kwa kuzungusha umeme wa ziada urudi kwenye koili wenyewe, na umeme huo unageuka joto. Imefungwa mahali ambapo hewa haipiti vizuri, kwa hiyo inajipika. Ikifa kwa namna moja inaacha kuchaji, betri inakauka taratibu. Ikifa kwa namna nyingine inapitisha volti nyingi mno, betri inachemka. Kwa vyovyote vile wewe utaona betri imekufa tu, na duka la betri litalaumiwa.

Usinunue kitu kabla ya kupima. Unahitaji multimita ya kawaida (kile kipimo cha umeme) na jioni moja. Kwanza chaji betri usiku kucha kwa chaja inayofaa betri zilizozibwa. Zile chaja kubwa za zamani za betri za lori zitaiunguza. Ichomoe, iache ipumzike saa kadhaa, halafu ipime bila kuwasha chochote. Betri nzima iliyojaa inasoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma chini ya 12.4 baada ya chaji ya usiku kucha, betri yenyewe imechoka, na ukiendelea kupima nayo majibu yote yatakudanganya. Azima nzima.

Washa pikipiki, taa kubwa ikiwa imewaka, panda hadi mizunguko 5,000 kwa dakika na upime tena palepale kwenye vichwa vya betri. Unatafuta volti 14 hadi 14.5. Ukiona chini ya 13.2 na haipandi, chaji haifiki. Ukiona zaidi ya 15, zima, regulata imekwisha. Rudia kipimo hiki injini ikiwa imepata moto wa kweli, maana regulata nyingi zinasoma vizuri asubuhi na kuanguka baada ya nusu saa ya safari. Mafundi wengi hupima ikiwa baridi, wakasema haina tatizo.

Kama chaji haifiki, usirukie regulata bado. Fuata njia. Ncha moja ya multimita iweke kwenye waya wa chanya unaotoka regulata, nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri, injini ikiwa inanguruma na taa zimewaka. Namba utakayoiona ni volti zinazopotea njiani. Ikipita 0.3, kuna soketi iliyooza au waya uliochoka mahali fulani kati ya hapo na betri. Fanya hivyohivyo upande wa hasi. Kwa wewe unayeishi karibu na bahari, sitashangaa tatizo likawa hapa, na dawa yake ni ya bei ndogo sana.

Halafu tazama soketi yenye nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye magneto. Ikiwa imegeuka kahawia au plastiki imeyeyuka, usiisugue na msasa ukairudisha. Vile visahani vya ndani vikishapata moto vinalegea, haviwezi tena kubana, na kila kinapolegea joto linaongezeka. Ikate, weka soketi mpya isiyopitisha maji, au unganisha nyaya kwa kulehemu kwa risasi na kuzifunika kwa mpira wa kusinyaa. Soketi ikiwa imechomoliwa, pima koili yenyewe: kati ya kila jozi ya nyaya za njano upinzani uwe mdogo sana, chini ya omu 1, na kati ya waya wowote wa njano na fremu multimita isionyeshe njia kabisa. Kisha washa injini, weka multimita kwenye volti za AC, panda hadi 5,000. Jozi zote tatu zilingane. Jozi moja ikiwa nyuma ya wenzake, koili imeungua, na regulata mpya haitaiokoa.

Ikithibitika ni regulata, usirudishe ya aina ileile. Shindengen ya Japani inatengeneza FH020AA, ambayo inafanya kazi kwa mtindo uleule wa zamani lakini kwa vipuri vya kisasa visivyopata moto sana, na SH847, ambayo hukata njia ya umeme badala ya kuuzungusha, hivyo koili nayo inapumua. Kwa joto la pwani ningechagua ya pili kama bajeti inaruhusu. Nakala bandia za zote mbili zimejaa mtandaoni; bei ikiwa robo ya bei za wauzaji wengine, jua umeuziwa boksi tu. Ifunge mahali penye upepo, juu ya bamba la aluminiamu. Nyaya za kwenda betri ziwe nene, milimita za mraba 4 au zaidi, zipitie fyuzi ya ampea 30 iliyo karibu na betri. Hiyo fyuzi ya karibu na betri siyo hiari: waya mnene usio na fyuzi ukigusa fremu chini ya tangi la petroli, hutapata nafasi ya kufikiri.

Ongeza voltimita ndogo kwenye dashibodi. Kwa thamani ya shilingi, hakuna nyongeza bora kuliko hiyo kwenye pikipiki hii. Utaliona tatizo ukiwa Muheza badala ya kuligundua usiku porini baada ya Mkata.

Masharti ya taa ni haya. Taa mbili za balbu za wati 55 zinakula wati 110, na magneto ya VFR haina akiba ya kuchezea. Chukua za LED, wati 15 hadi 20 kila moja. Zinatosha kabisa kumwona mbuzi. Ziendeshwe kwa rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), umeme utoke betri kupitia fyuzi yake, na rilei hiyo ishtuliwe na waya wa taa ndogo ili zizimike ukizima ufunguo. Usichune waya wa taa kubwa ukafunga kwa selotepu. Nyaya za pikipiki zilizopita mikono mingi huwa na angalau kiungo kimoja cha namna hiyo, nawe ukikikuta kiondoe siku hiyohiyo.

Breki za pikipiki hii ni habari ya peke yake, na hapa nakuomba usome polepole. VFR yako ina breki zilizounganishwa. Kila kalipa, yaani kile kibanio cha diski, ina pistoni 3. Ukivuta mkono wa breki, pistoni za pembeni za mbele zinabana diski. Kalipa ya kushoto haikufungwa ikakaza. Inaning'inia kwenye ekseli ndogo, na diski inapoivuta kwenda juu, inasukuma masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) ndogo ya pili iliyo kwenye shokapu ya mbele kushoto. Hiyo nayo inapeleka shinikizo kwenye breki ya nyuma. Na ukikanyaga pedali, pistoni za katikati za mbele nazo zinapata sehemu yao. Ni ubunifu mzuri sana wakati kila kitu ni safi.

Usafi ukikosekana, hatari iko kwenye hiyo masta silinda ndogo. Ina tundu dogo mno la kurudishia mafuta. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Tanga unaijua. Yakikaa miaka bila kubadilishwa yanaacha mchanga wa kahawia, tundu linaziba, na shinikizo la breki ya nyuma halirudi. Pedi zinabaki zimegusa diski, diski inapata moto, mafuta yanapanuka kwa joto, yanabana zaidi. Mwisho wake gurudumu la nyuma linajifunga lenyewe. Hebu fikiria hilo likutokee unashuka kutoka Lushoto kuelekea Mombo, shemeji yuko nyuma.

Kipimo chake ni cha dakika mbili. Weka pikipiki kwenye stendi ya katikati, gia huru. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Mwambie mtu mwingine aishike kalipa ya mbele kushoto na kuisukuma juu kwa nguvu. Gurudumu la nyuma linapaswa kusimama. Akiachia, lizunguke huru mara moja, palepale. Likibaki zito, usiipeleke pikipiki popote hadi masta silinda hiyo ifunguliwe, isafishwe na kuwekewa mipira mipya, au ibadilishwe nzima. Kipimo cha pili ni cha njiani: baada ya mwendo mrefu ambao hukutumia breki sana, dondoshea tone la maji kwenye diski ya nyuma. Likichemka, kuna kitu kinabana.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka 2, DOT 4, kutoka chupa iliyofungwa. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki. Usivutwe na namba kubwa. Kazi hii unaweza kuifanya barazani, lakini kutoa hewa kwenye mfumo huu kuna mpangilio wake, yaani kizibo kipi cha kutolea hewa kinaanza na kipi kinafuata, na umeandikwa kwenye kitabu cha karakana cha Honda cha modeli hii. Kipate kitabu kwanza. Ukifuata mazoea ya pikipiki za kawaida utabaki na hewa katikati ya mabomba na pedali laini isiyokwisha. Funika tangi na kava kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu mafuta hayo yanakula rangi. Na ukiwa unafungua mfumo mzima, weka mabomba yaliyosukwa kwa chuma. Mpira wa mwaka 2000 umeshavimba kwa ndani hata kama nje unang'aa. Mabomba ni mengi kwenye mfumo huu, kwa hiyo agiza seti kamili ya modeli yako.

Klachi nayo ni ya mafuta yaleyale. Silinda yake ya chini inakaa karibu na sproketi ya mbele, ambako uchafu wa cheni unajikusanya kama ugali uliosahaulika chunguni. Kila ubadilishapo mafuta, fungua kava ya sproketi hiyo usafishe.

Tairi zina maneno machache. Mbele 120/70 ZR17, nyuma 180/55 ZR17. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye kashata nzuri lakini mpira uliokauka ndiyo inayoangusha watu mvua ya kwanza. Upepo ni psi 36 mbele na 42 nyuma, upimwe asubuhi kabla ya safari na kwa kipimo chako mwenyewe.

Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi laini. Petroli inaharibu ile mipira midogo ya ndani inayoshikilia grisi. Mkono wa nyuma wa VFR, ule unaoshika gurudumu, ni wa upande mmoja, hivyo cheni hukazwa kwa kulegeza bolti inayobana kitovu na kukizungusha kwa spana ya ndoano. Raha yake ni kwamba gurudumu haliwezi kukaa upande. Hatari yake ni kwamba ni rahisi mno kukaza kupita kiasi. Kipimo cha ulegevu kiko kwenye kibandiko cha mkono wa nyuma. Cheni haichakai sawasawa, kwa hiyo zungusha gurudumu, tafuta mahali ilipokaza zaidi, upimie hapo. Wewe unayebeba watu wawili na mizigo, ukikosea, kosea kuelekea kulegea kidogo, maana cheni iliyokazwa sana inaua beringi ya sproketi ya mbele, na hiyo iko ndani ya injini.

Tufike kwenye matuta. Springi za kiwandani zilikadiriwa kwa mtu mwepesi kuliko wewe, na oili ya shokapu baada ya kilomita 60,000 ni maji machafu. Pima hivi. Inua pikipiki gurudumu la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama uliyoweka kwenye kava juu yake. Halafu ishushe, ukae na mavazi yako ya safari, mtu akushike, mwingine apime tena. Tofauti iwe milimita 30 hadi 40. Mbele fanya hivyo pia, iwe 30 hadi 35. Ikizidi, kaza springi kwa marekebisho yaliyopo. Ukifika mwisho wa marekebisho na bado inazama, springi ni laini mno na hakuna ujanja mwingine.

Kwa kilo 90, mbele tafuta springi za kilo 0.95 kwa milimita au karibu na hapo. Kuzibadilisha ni kazi ya mchana mmoja nyumbani. Simamisha kwenye stendi ya katikati na ushikilie mbele kwa jeki, lakini jeki isikae chini ya mabomba ya exosti wala chujio la oili. Kifuniko cha shokapu kiko chini ya msukumo wa springi, kwa hiyo usiinamie uso juu yake unapokimalizia. Mimina oili yote ya zamani, suuza, weka mpya ya uzito wa 10, na pima kimo chake kwa rula, siyo kwa kukisia ujazo. Kagua nondo zinazong'aa. Zikiwa na vishimo vya kutu, mipira mipya itakatwa upya ndani ya wiki.

Nyuma ni gharama zaidi. Shokapu ya asili ya modeli hii haikutengenezwa kwa kufunguliwa na mtu wa kawaida, na gesi yake haijazwi barazani. Hapa ndipo ningeiweka ile akiba ya exosti: shokapu mpya iliyoagizwa kwa uzito wako, wa shemeji na wa mizigo, ukitaja kilo za kweli, siyo za picha ya harusi. Exosti ingekupa kelele na nguvu za kutafutwa kwa tochi. Shokapu itakupa pikipiki inayokwenda unakoiangalia ukiwa kwenye kona za Soni.

Oili ya injini usiumize kichwa: 10W-40 yenye alama ya JASO MA (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki), kwa sababu klachi inaogelea ndani ya oili hiyohiyo na oili za magari za kupunguza msuguano zinaifanya iteleze. Rejeta za VFR ziko ubavuni, na kwenye foleni kipimo cha joto kinapanda hadi 100 na kuzidi kidogo kabla feni haijaingia. Hiyo ni kawaida yake. Feni isipoingia siyo kawaida. Anza na fyuzi, kisha soketi ya swichi yake. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ibadilishwe kila miaka 2, na maji ya bomba yasiingie humo.

Kazi moja ningekuambia umwachie mtu mwenye uzoefu: kupima nafasi za valvu, ambayo inatakiwa kila kilomita 25,000 hivi. Valvu ni 16, vibati vya kurekebishia viko chini ya vikombe, na ili kuvifikia lazima kamshafti zitoke na gia zake zirudi alama kwa alama. Mwulize aliyekuuzia kama iliwahi kufanywa. Akikwepa swali, chukulia haijafanywa.

La mwisho ni ufunguo. VFR800 nyingi za mwaka 2000 zilizouzwa Ulaya zina chipu ya kuzuia wizi ndani ya ufunguo. Honda inaiita HISS, na taa yake ndogo huwaka kwenye dashibodi unapofungua swichi. Ukiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, wa pili unaweza kusajiliwa. Ukiupoteza huo mmoja, utabadilisha kompyuta ya injini. Kwa hiyo kama aliyekuuzia alikupa mmoja tu, kachongeshe na kusajili wa pili wiki hii, kabla hata ya regulata.